Safari ya Rabai: kutafuta kumbukumbu za ukoo

Shikamooni wazee wetu, na ndugu wote salamu.

Jumamosi tutakwenda Rabai, kaunti ya Kilifi, ambako wamisionari Krapf na Rebmann walianzisha misheni mwaka 1846, ili tuombe kuangalia vitabu vya zamani vya ubatizo na ndoa. Tafadhali msishike tahajia moja, kwa kuwa makarani waliandika walivyosikia, na Mbeyu wetu huenda akaonekana Mbeu. Tena, kwa desturi yetu mjukuu hurithi jina la babu, kwa hiyo jina lisilo na mwaka linaweza kutupoteza kizazi kizima.

Kabla ya siku hiyo, waulizeni bibi zetu, nami nawasihi msichelewe. Aliye na kipande cha babu, yaani kitambulisho cha enzi za ukoloni, akipige picha pande zote mbili.