Picha za Newcastle ulizoniomba

Mwanangu mpendwa,

Natumai u mzima na masomo yanakwenda vizuri. Mimi huku sijambo, ila baridi tu. Picha ulizoniomba kwa ajili ya kazi yenu ya usanifu majengo nimeshazituma kwenye simu yako, na barua hii naiandika ili uzitazame ukijua kila moja nimeipigia wapi na kwa nini. Uliniambia unataka picha safi, majengo peke yake, pasiwe na watu wala magari. Za namna hiyo sikutuma, baba. Karibu kila picha ina mtu ndani yake, na nimefanya hivyo kwa makusudi.

Anza na zile za daraja la High Level, la ghorofa mbili. Kati ya madaraja saba ya katikati ya mji yanayounganisha Newcastle na Gateshead, miji jirani ya kaskazini mwa Uingereza, juu ya mto Tyne, hilo ndilo nilipendalo kuliko yote. Lilisanifiwa na mhandisi Robert Stephenson, na Malkia Victoria akalizindua mwaka 1849. Treni hupita juu; chini kuna barabara, na pembeni mwake njia za waendao kwa miguu. Mimi hupita hapo asubuhi nikitoka zamu ya usiku, narudi nyumbani Gateshead. Treni ikipita juu ya kichwa, mtetemo unausikia kwanza kwenye nyayo, halafu ndipo kelele zinafika.

Katika picha ya pili utaona nguzo za chuma zimepangana mpaka macho yanachoka, na mwishoni kabisa mtu anasukuma baiskeli. Nilimsubiri. Mfunike kwa kidole uone: nguzo zinakuwa mistari tu, hujui ni ndefu kiasi gani. Ondoa kidole, na papo hapo unajua. Ya tatu nimeisogeza karibu ili uone pale tao linapokutana na chuma cha mlalo. Tao likielemewa hutaka kutanuka, miguu yake isukume nguzo za mawe kwenda nje. Stephenson aliifunga miguu hiyo kwa vyuma vya mlalo, upande mmoja hadi wa pili, kama uzi unavyoushika upinde, na hivyo mzigo wote ukashuka wima kwenye mawe. Karibu miaka 180 baadaye treni zinapita juu yake, nami napita chini na mfuko wangu wa sokoni. Hilo ndilo nililotaka ulione, na picha isiyo na mtu isingekuonyesha.

Sasa suala la mwanga, maana huku jua halifanyi kama la Dar es Salaam. Mwezi Desemba, hata saa 6 mchana, jua linasimama nyuzi 12 hivi tu juu ya upeo wa macho, na kufika saa 9 na dakika 40 alasiri limeshazama. Vivuli ni virefu mchana kutwa. Kwenu wakati huo wa adhuhuri jua liko karibu na utosi, ukuta haupati mwanga wa maana na kivuli kinajikunja chini ya miguu. Huku ukuta unamulikwa kutoka ubavuni, kila tofali na kila nakshi inajitokeza. Mwezi Juni mambo yanageuka: saa 3 na nusu usiku bado kunaonekana.

Tena mto hapa unakwenda mashariki, na jua linapita upande wa kusini. Kwa hiyo anayetaka kuipiga picha Newcastle avuke asimame Gateshead, jua liwe mgongoni kwake. Watalii wengi hubaki upande wa Newcastle, wanaelekeza simu kusini kwenye jua, picha inatoka nyeusi. Simu yenyewe ishike wima. Ukiiinamisha kutazama juu, kuta zinalala nyuma kama zinaanguka. Ni afadhali urudi nyuma, au upande mahali pa juu, kisha ukuze kidogo.

Daraja la Tyne, lile lenye tao kubwa la chuma, utalikuta limezungushiwa viunzi vya mafundi na maturubai. Lilifunguliwa mwaka 1928, na sasa linakarabatiwa ili litimize miaka 100 likiwa imara. Najua ungependa lingekuwa wazi. Mimi nimefurahi kulipata hivi, kwa sababu mafundi waliovaa vizibao vya njano wanakuonyesha ukubwa wa chuma kile kuliko kipimo chochote. Tao lina mita 162 kutoka mguu mmoja hadi wa pili na limekaa kwenye bawaba mbili, moja kila upande. Minara ya mawe unayoiona pembeni haibebi tao hilo. Usije ukaandika kwenye kazi yako kwamba ndiyo inayolishika. Wengi hudhani hivyo.

Kwenye vishubaka vya minara hiyo wanataga shakwe wadogo waitwao kittiwake. Ni ndege wa baharini, wa kwenye majabali, nao huja mwanzoni mwa masika ya huku na kuondoka Agosti. Picha ya nane utawaona wawili wamebanana kwenye ukingo mwembamba kama kiganja changu, na ukuta chini yao umechuruzika kinyesi cheupe. Makelele yao yanajaza gati lote. Mafundi wanalazimika kupanga kazi wakiwazingatia, nami naona ni haki: wao pia ni wakazi wa jengo.

Daraja la Milenia sikulipiga sana, liko kwenye kila kadi ya posta. Ni la watembea kwa miguu na baiskeli, lilianza kutumika mwaka 2001. Kupisha meli, sakafu na tao vinazunguka pamoja nyuzi 40, sakafu inapanda na tao linashuka. Nyuma yake kuna kinu cha zamani cha unga, Baltic, ambacho sasa ni jumba la sanaa za kisasa. Nimekutumia moja tu, ya mama na watoto wake wanakimbizana.

Ya Grey Street uitazame kwa utulivu. Ni mtaa wa mawe wa miaka ya 1830, kazi ya mjenzi Richard Grainger na wasanifu wake, nao unapinda huku ukiteremka kuelekea mtoni. Mtaa ulionyooka unaumaliza kwa picha moja. Huu kila ukienda hatua kumi jengo jingine linachomoza, ndiyo maana nimekutumia tano kwa mfululizo. Ukumbi wa Theatre Royal, wa mwaka 1837, umetoa nguzo zake hadi juu ya njia ya miguu, na siku ile mvua ilikuwa inanyesha: watu wamejikinga chini yake, mmoja anakula chipsi. Nadhani aliyeuchora angefurahi.

Picha ya mwisho ni ya ngome ya kale; mnara wake mkuu ni wa karne ya 12. Reli imepita katikati, ikatenganisha mnara mkuu na lango lake, treni zinakwaruza karibu na ukuta. Mwalimu wenu akiuliza juu ya kuhifadhi majengo ya kale, muonyeshe hiyo.

Jumapili sina zamu. Kama unataka vipimo vya njia ya miguu ya High Level, au picha za karibu za riveti (pini zinazounganisha vyuma) za daraja la Tyne, niandikie kabla ya Ijumaa nipitie na futi yangu. Nisalimie bibi, umwambie dawa ameze baada ya kula.

Mama yako