Barua kwa mwanangu: kapime hilo sikio kabla ya Geita

Mwanangu,

Usimgombeze mdogo wako. Mimi ndo nilimbana, nilimuona anacheka na simu alafu ghafla kanyamaza, nikamwambia lete hapa, nikasoma mwenyewe ulichomwandikia. Eti sikio lako la kulia linalia nziii usiku kucha na ukizima muziki ndo linazidi. Sasa hilo ni jambo la kumwandikia mtoto wa chuo wakati mama yako yupo hai? Na tarehe mosi unaripoti mgodini. Kapime sikio kwanza. Nakuandikia kirefu maana nikikupigia unasema sawa mama, sawa mama, simu inakatwa.

Hiyo kazi naijua umeipigania, mtaa mzima hapa Tabata wanajua mwanangu anaenda Geita, mpaka mama wa genge ananiita mama injinia na mimi naitika. Ila nimekaa nikafikiria hivi, mchana uko kwenye mashine za kusaga mawe, usiku umerudi chumbani umejifungia na hedifoni, hilo sikio linapumzika saa ngapi? Mdogo wako kanionyesha viwango vya Shirika la Afya Duniani, wanasema sauti ya desibeli 80 (ndo kipimo cha ukali wa sauti) mtu anaweza kusikiliza masaa 40 kwa wiki, ikifika 90 ni masaa manne tu, ikifika 100 ni dakika 20. Kwa wiki nzima, baba. Ile albamu yako ya bendi ya Pink Floyd ya 1973, The Dark Side of the Moon, peke yake inapita dakika 40, maana yake ukiifungulia hivyo hujafika hata nusu na ruhusa ya wiki yote imeisha, na wewe ukimaliza hiyo unaanza nyingine.

Sikatai muziki. Mimi mwenyewe siku hizi sikai sebuleni bila huo muziki wako wa spika tano ulizozungusha chumba na watu wa hapa wameshazoea. Jana usiku mtoto wa jirani alikuwa na homa kwa hiyo nikaweka sauti chini kabisa, chini sana ya pale ulipokuwa unaweka wewe, nikakaa kwenye kochi la katikati pale ulipoweka alama ya selotepu. Zilivyoanza kulia zile saa za ukutani za kwenye hiyo albamu ya Pink Floyd, moja ikalia kushoto juu ya kabati la vyombo, nyingine nyuma yangu huku kwenye cherehani, alafu zote kwa pamoja chumba kizima, nikageuka kabisa kuangalia mlangoni. Na sauti ilikuwa ndogo, mtoto hajaamka. Ulishaniambia zile saa Alan Parsons, fundi sauti wao, alizirekodi dukani, kila saa peke yake, kwa ajili ya kujaribia ule mfumo wa zamani wa spika nne, na huyu James Guthrie, fundi sauti aliyekuja kuipanga upya albamu kwa spika tano na sabufa, ile spika ya besi, mwaka 2003 akazisambaza tena. Mimi ninachokuambia ni kwamba zikisambazwa hivyo hazihitaji kelele. Kwenye spika mbili gitaa linakaa juu ya kinanda, kinanda juu ya waimbaji, kila mmoja anamfunika mwenzie, ndo maana mkono wako unaenda kwenye sauti kila saa. Hapa kila mtu kapewa kona yake, hata ukiteremsha unawasikia wote.

Ila kwenye hedifoni wewe unaitafuta ile besi iliyokuwa inakugonga kifuani kutoka kwenye sabufa, na huwezi kuipata kule, kile kitu kimekaa sikioni tu hakigusi mwili, basi unapandisha, unapandisha. Nakujua.

Kapime, na usiseme ni mafua.

Nikuulize kitu na unijibu. Spika tano zote zile, hata hawa wa siku hizi wanaoweka mpaka za juu darini, sauti zote si zinaingilia masikio mawili? Ubongo unajua saa imelia kushoto kwa sababu sauti imefika sikio la kushoto mapema kidogo na kwa nguvu kidogo kuliko la kulia, umenifundisha mwenyewe, ulikaa hapo unanichorea kwenye karatasi ya kukatia gauni. Sasa la kulia likifa unabaki na nini? Brian Wilson wa bendi ya Beach Boys sikio lake la kulia lilikuwa halisikii toka utotoni, kaitengeneza albamu ya Pet Sounds mwaka 1966 kwa mono, yaani sauti zote pamoja bila kugawanywa kushoto na kulia, watu wengine baadaye wakaja kuipanga kwa spika za kuzunguka chumba, na sisi tunakaa hapa Tabata tunasikia waimbaji wake wako pande zote, yeye mwenye kazi yake hakuwa na namna ya kuisikia hivyo. Mimi nikiisikiliza hiyo albamu nalia, sikufichi, na toka juzi nikiiweka naiona sura yako.

Na yule Pete Townshend, mpiga gitaa wa bendi ya The Who, si ndo uliyekuwa unamtetea kwa mjomba wako? Mwenyewe kasema masikio yake yaliharibiwa zaidi na hedifoni za studio kuliko majukwaa. Hedifoni! Mtu aliyepiga magitaa mbele ya maspika makubwa miaka yote ile analaumu hedifoni. Albamu yao ya 1973, Quadrophenia, ilikuwa itoke kwa spika nne ikashindikana, mpaka toleo la kuzunguka chumba linakuja kukamilika mwaka 2014, mwenyewe keshazeeka na masikio yanamsumbua. Sikutishi. Nakuambia watu walioyajua haya mambo kuliko sisi wamepatwa.

Vile vinywele vya ndani ya sikio vikifa haviotagi tena. Hapa kwenye cherehani sindano ikivunjika natoa nyingine kwenye kikopo naendelea kushona, sikio halina kikopo chake.

Najua unachoogopa. Unaogopa ukipima wakakuta tatizo mgodini watakuambia rudi nyumbani. Sasa sikia, wakikupima huko baada ya mwaka wakakuta limepungua nani atajua lilipungulia wapi? Ukiwa na cheti chako cha kabla unajua ulianzia wapi. Na ile habari ya paa niliyokutajia, kwamba mshahara wa kwanza tubadilishe bati za upande wa jikoni, mimi niliitaja tu, sikusema ndo uende huko na sikio bovu. Nimeshaweka beseni chini ya pale panapovuja, panatosha. Bati zitasubiri.

Kwa hiyo hivi, usisubiri mpaka tarehe thelathini. Panda treni ya SGR hapo Dodoma, masaa manne hayafiki uko Dar, unalala hapa, asubuhi tunaenda Muhimbili kliniki ya masikio, pua na koo. Nauli nitakutumia kama huna, usijidai. Daktari mwambie yote, mwambie toka lini linalia, mwambie unalala na hedifoni (najua unalala nazo, mdogo wako hakusema hilo, mimi ndo nakumbuka ulivyokuwa hapa), na mwambie na lile la usaha ulivyokuwa darasa la tatu, kwamba lilitibiwa nyumbani kwa mafuta ya nazi ya moto. Bibi yako alisema yanatosha na sisi tulikuwa na haraka ya mambo mengine mwaka ule. Mwambie tu, atajua la kufanya.

Na huko mgodini ukipewa vile vizibo vya masikio vaa vyote viwili muda wote, sio unavaa msimamizi akipita. Vijana wa siku hizi mnaona aibu kujikinga. Mimi nakusifia kwa watu kwamba mwanangu ana akili, ulifunga waya za hapa ndani mwenyewe, ukapima kwa futi umbali wa kila spika mpaka kochi, fundi wa Kariakoo aliyetuuzia ile risiva ya mtumba inayoendesha hizo spika alikuja akakaa akasikiliza bendi ya Queen akasema hajawahi kusikia vile. Ule wimbo wao mrefu wa 1975, Bohemian Rhapsody, pale kwaya inapoanza, ni watatu tu wale, Freddie Mercury na Brian May na Roger Taylor, wamejirekodi juu ya sauti zao tena na tena, alafu zinakuja mbele, zinaruka nyuma, kulia, kushoto. Mtoto wa Unguja yule Freddie, kazaliwa Mji Mkongwe 1946. Yule fundi alitaka kulia. Mtu aliyeweza kupanga vile anashindwaje kuteremsha sauti ya hedifoni?

Haya, ya nyumbani. Panya wamekula waya wa spika ya nyuma kulia, hapo kwenye kona ya kabati, nimeunga kwa selotepu lakini inakwaruza, ukija uniwekee mwingine na uupitishe juu. Umeme ukikatika nachomoa risiva ukutani kabisa kama ulivyoagiza, nasubiri utulie ndo narudisha. Deki imeanza kugoma kusoma ile diski ya albamu ya Hotel California, inazunguka tu, nimeifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, ikakubali wimbo wa kwanza ikagoma tena, sijui ni diski au ni deki.

Mjomba wako kaleta kadi ya mchango wa harusi ya binti yake, kakuandikia ya kwako peke yako kwa sababu eti sasa una kazi. Usitoe chochote mpaka tuongee. Mdogo wako ada imebaki nusu, hilo niachie mimi, nina magauni ya sare ya kwaya ya kanisa, wakilipa namaliza. Mama wa jirani bado hajarudisha mtungi wangu wa gesi na leo nimepikia mkaa.

Mpaka uje, hedifoni ziweke kabatini. Ukishindwa kabisa basi sauti nusu, na nusu saa, alafu unazitoa. Na sio zile za kuchomeka ndani ya sikio.

Niambie unakuja siku gani ili nisichukue kazi za watu siku hiyo. Mimi napendelea Jumanne, wanasema kule kunakuwa na foleni ndefu Jumatatu. Andika tarehe, usiandike "sawa mama".

Mama yako,
Tabata

Chaja yako ya laptopu iko hapa, nimeipata chini ya kitanda cha mdogo wako.