Barua kwa Rehema kuhusu kitambulisho kilichopotea

Tanga,
9 Juni 2025.

Mpendwa rafiki yangu Rehema,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, na mama anakusalimu sana, ingawa bado analalamika kwamba tangu uhamie Morogoro umekuwa mgeni wa sikukuu.

Barua yako nimeipata, na nimesikitika kusikia kwamba pochi yako ilipotea safarini, baina ya stendi ya mabasi ya Mbezi, Dar es Salaam, na ile ya Msamvu huko Morogoro, ikiwa na kitambulisho cha taifa, kadi ya benki na kadi ya mpiga kura. Kadi ya benki umesema umekwisha kuifungisha, na umefanya vyema kuanza na hiyo. Kuhusu kitambulisho nimeona nikujibu kwa urefu, kwa sababu yapo mambo mawili katika barua yako yaliyonitia wasiwasi: ushauri wa jirani yako kwamba uende ukajisajili upya kana kwamba hujawahi kusajiliwa, na yule kijana anayejitapa kwamba ukimpa shilingi 60,000 atakuletea kadi mpya hadi mlangoni. Unajua kwamba steshenari yetu iko jirani na ofisi za wilaya, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwajazia watu fomu za serikali za mtandaoni, kwa hiyo ninayokuandikia ni mambo ninayoyaona yakipita mbele ya meza yangu.

Usijisajili upya, Rehema, hata akikuambia mtu unayemwamini. Kilichopotea ni kadi peke yake. Namba yako ya utambulisho, ile yenye tarakimu 20 inayoanza na mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, ni yako vilevile, na kadi utakayopewa badala ya iliyopotea itakuja na namba hiyohiyo. Alama zako za vidole zimo katika kanzidata ya Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa tangu tuliposajiliwa sote Muheza, na mtu akijitokeza kama mwombaji mpya alama zake hulinganishwa na zilizokwisha kuhifadhiwa. Ukienda na ombi jipya, mfumo utakukuta umo tayari, ombi litakwama, nawe utatakiwa kueleza kwa nini ulitaka kusajiliwa mara mbili. Nimewaona watu waliofuata ushauri wa namna hiyo kwa nia njema kabisa, wakidhani wanaokoa muda na ile ada ya kadi iliyopotea, kisha wakahangaika muda mrefu kusafisha taarifa zao kuliko ambavyo wangehangaika kuomba kadi nyingine.

Basi kazi ya kwanza ni kuipata namba yenyewe, maana umeniandikia kwamba huikumbuki. Itafute kwanza pale ambapo huenda ulikwisha kuiandika: katika fomu ya kufungulia akaunti benki, au katika nakala ya kitambulisho mliyoambatisha kwenye maombi ya kikundi chenu cha mikopo. Ukikosa, piga *152*00# katika simu yako ufuate maelekezo, au ingia kwenye tovuti ya Mamlaka, ambako utaulizwa majina yako, tarehe ya kuzaliwa na majina ya mama yako mzazi.

Hapo kwenye majina ndipo wengi hukwama, na kwa sisi watu wa pwani tatizo ni kubwa zaidi. Mfumo haujui kwamba Hadija na Khadija ni mtu mmoja, wala kwamba Mwanaidi ndiye huyohuyo Mwanaiddi wa cheti cha shule. Unalinganisha herufi kwa herufi. Mama yako, Mungu amrehemu, mtaa mzima tulimwita Bi Mkubwa, na sidhani kama hata majirani wa ukuta kwa ukuta walilijua jina lake la cheti. Kumbuka uliliandikaje siku ile ya usajili. Kama hukumbuki, jaribu tahajia zote mbili tatu zinazowezekana kabla ya kuamua kwamba taarifa zako hazimo. Mteja wangu mmoja, bibi wa makamo mwenye kibanda cha samaki, alikuwa amekwisha kukata tamaa na kusema serikali imemfuta, kumbe jina la mama yake liliandikwa kwa herufi moja zaidi.

Ukishapata namba, nenda polisi. Hapa nakuomba uwe mwangalifu, kwa kuwa yapo mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mtu aliyepotelewa na mali huandikiwa taarifa ya upotevu, ambayo ndiyo inayotakiwa na ofisi ya vitambulisho, na siku hizi Jeshi la Polisi lina mfumo wa mtandaoni wa kuiombea. Mtu aliyeibiwa anaripoti kosa la jinai, na huyo inambidi afike kituoni mwenyewe, aeleze tukio na apewe namba ya RB, yaani namba ya taarifa yake katika kitabu cha kituo. Wewe umeandika kwamba hujui kama pochi ilianguka ulipokuwa ukishusha mizigo au ilichomolewa katika msongamano. Basi waeleze hivyohivyo. Usitaje wizi ili jambo lionekane zito, wala usiufiche kama unaushuku, kwa sababu karatasi hiyo utaibeba katika ofisi nyingine na maelezo yako yanapaswa kubaki yaleyale kila utakapoulizwa. Hakikisha pia kwamba majina yako yameandikwa kama yalivyo kwenye kitambulisho, siyo kama unavyoitwa sokoni, na kwamba aina ya hati na namba yake vimetajwa wazi. Taarifa inayosema tu kwamba umepotelewa na "pochi yenye vitu mbalimbali" haitakusaidia.

Taja kadi ya mpiga kura pia katika taarifa hiyohiyo, ingawa kadi hiyo ina tume yake na utaratibu wake, nami sitauingiza katika barua hii. Shemeji naye, kwa kuwa ni Mpemba, huenda akakueleza alivyopata kingine alipopoteza Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Msikilize kwa adabu, lakini usifuate njia yake, kwani kile hutolewa na wakala wa Zanzibar wenye ofisi na taratibu nyingine kabisa.

Kutoka polisi utakwenda ofisi ya vitambulisho ya wilaya unakoishi. Huna haja ya kupanda basi kurudi Muheza kwa sababu tu ulisajiliwa huko, maana kanzidata ni moja kwa nchi nzima. Waambie tu mapema kwamba kadi mpya unataka kuichukulia Morogoro. Chukua taarifa ya polisi, namba yako, nakala ya cheti cha kuzaliwa na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, kwani hata pale ambapo barua hiyo haikutajwa, afisa akiitaka utakuwa umejiepusha na safari ya pili. Utajaza fomu ya kuomba kadi iliyopotea, kisha utapewa kontroo namba, yaani namba ya kumbukumbu ya kulipia serikalini. Ada kwa raia ni shilingi 20,000. Najua kwamba kwa anayeuza mchicha na nyanya hizo si fedha za kuokota, na mimi binafsi naona mtu aliyepotelewa mara ya kwanza, tena akiwa na taarifa ya polisi mkononi, angestahili kufikiriwa. Lakini ndiyo ada iliyopo, na ni theluthi moja tu ya anachokudai yule kijana.

Kuhusu huyo kijana, nakuomba umkatalie bila kumgombeza. Vishoka wa aina yake tunao hapa Tanga pia, wanakaa vivulini jirani na ofisi wakiwa na bahasha na kalamu mbili mfukoni. Wengine hawafanyi lolote zaidi ya kukupangia foleni na kukutoza mara tatu, na hao ndio wenye nafuu. Wabaya zaidi ni wale wanaoipokea fedha kwenye namba zao za simu na kukuambia kwamba malipo yamekwisha kufika serikalini. Malipo ya serikali hayatumwi kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Hupitia kontroo namba yenye tarakimu 12 inayoanza na 99, iliyotolewa kwa jina lako, na unapoilipia benki au kwa simu unaonyeshwa jina la taasisi na kiasi kabla ya kuthibitisha. Kama jina lililotokea ni la mtu binafsi, acha hapohapo.

Tena huyo kijana amekuomba umpe namba ya kitambulisho na umfuate kwa rafiki yake anayesajili laini za simu "akuhakiki" kwa kidole. Sentensi hiyo katika barua yako niliisoma mara mbili. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uanze mwaka 2019, namba yako ikiunganishwa na kidole chako inatosha kusajili laini ya simu, na anayekuambia kwamba kidole hakijasoma, hebu weka tena, huenda anasajili laini ya pili kwa jina lako ili aende kuitumia kutapeli watu. Aliyeokota kadi yako peke yake hawezi kufanya hivyo kirahisi, kwa kuwa hana kidole chako. Wewe ndiye unayeweza kumpelekea kidole hicho bila kujua. Piga *106# leo, utazame laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya utambulisho. Ukikuta namba usiyoitambua, nenda na taarifa yako ya polisi kwenye duka la mtandao husika, uwatake waifunge.

Umeuliza pia kuhusu mkopo wa kikundi. Fedha hizo za asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo wanawake wametengewa asilimia 4, zina masharti yake, na mwenyekiti wenu ana haki ya kutaka vielelezo vya kila mwanachama. Hata hivyo sioni sababu ya wewe kujiondoa kwenye kikundi kwa kukosa kadi. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata ukiwa na namba yako, taarifa ya polisi na risiti ya malipo ya kadi mpya, umuulize kama nyaraka hizo zitapokelewa wakati unasubiri. Muulize kabla ya kikao cha kikundi, na uende wewe mwenyewe, kwa sababu jibu linalopitia kwa mwenyekiti huwa limekwisha kupunguzwa au kuongezwa chumvi.

Kuhusu muda wa kusubiri sitakupa ahadi, maana nimeona kadi zikija upesi na nimeona zikichelewa mno. Tunza risiti na uandike mahali jina la ofisi na tarehe uliyowasilisha fomu, kisha ufuatilie ofisini hapo na kwa mtendaji wa mtaa, kwa sababu kadi nyingine hupelekwa ofisi za kata na mitaa bila mwenyewe kupata habari. Wakati huo ukiombwa kitambulisho, toa namba. Kwa shughuli nyingi, ikiwemo kusajili laini na kuomba pasipoti, namba ndiyo inayoangaliwa.

Ukishapewa kontroo namba, usilipe siku hiyohiyo kama una shaka yoyote. Nitumie picha yake nami nitaitazama hapa dukani, kisha nitakupigia jioni baada ya kufunga.

Nisalimie shemeji, na umwambie Zuhura kwamba kitabu chake cha hesabu nitamtumia kwa basi mwisho wa wiki.

Mimi rafiki yako,
Mwanaidi