Harambee ya oparesheni ya mama mwenzetu wa kwaya, Jumapili tarehe 14

Bwana asifiwe wapendwa. Kuna swali linazunguka kwa magrupu, eti kansa ilikuwa ya ovari, sasa mbona daktari anataka kufungua tumbo lote, na ile pesa tulichanga mwanzo ilienda wapi. Mwenyewe ameturuhusu tueleze, kwa hivyo someni mpaka mwisho tafadhali.

Ovari zinakaa wazi ndani ya tumbo, hakuna ukuta wa kuizuia kansa, kwa hivyo seli zikibanduka zinaangukia kwa yale maji kidogo ambayo kila mtu anayo ya kulainisha matumbo. Na hayo maji hayatulii, tukipumua yanasogea, utumbo ukisukuma chakula yanasogea, yanapanda sana sana kwa upande wa kulia mpaka juu ya ini, chini ya kiwambo cha mapafu, na seli zinabebwa humo zikiwa zimeshikana vikundi ndio zisife njiani. Penye zinapenda kukwama ni lile tabaka la mafuta linaloning'inia mbele ya utumbo, maana hayo mafuta zinayala. Halafu vijia vinavyonyonya maji vinaziba, na mishipa nayo inavuja, maji yanajaa, ndio mkaona tumbo la mama limefura watu wakidhani ni vidonda vya tumbo. Na kipimo cha shingo ya kizazi alikuwa amefanya kikatoka safi, lakini hicho hakiangalii ovari kabisa! Akina mama, tumbo likijaa wiki baada ya wiki, unashiba na vijiko viwili, mkojo kila saa, nendeni mpigwe picha.

Pesa ya kwanza ililipa skani na kemo tatu, zile dawa kali za kuua kansa, moja kila wiki tatu, na uvimbe umepungua vizuri, Mungu ni mwema. Sasa ni zamu ya daktari wa upasuaji. Atatoa ovari zote, mirija, kizazi na lile tabaka la mafuta, kisha apitie kila pembe akiokota vipande vilivyobaki kama punje za mtama, kwa utumbo, kwa kiwambo, pengine utumbo ukatwe kidogo na kuungwa. Ni masaa mengi na lazima kitanda cha ICU kiwe tayari. Wanaotolewa kila kitu kinachoonekana kwa macho ndio huishi muda mrefu zaidi, kwa hivyo hii si oparesheni ya kufanywa nusu nusu. Baadaye anamalizia kemo zingine tatu.

SHA, ile bima ya afya ya serikali, inalipa sehemu yake, limebaki pengo la shilingi 280,000, na hatutaki kukawia kwa sababu kansa ikipewa nafasi itaota tena.

Tukutane ukumbini baada ya ibada ya pili. Mwenye mia alete mia, mwenye kuku au ndizi alete tupige mnada hapo hapo. Walio mbali paybill iko kwa grupu, mhazini atatuma orodha kila jioni. Na damu pia inahitajika, vijana jiandikisheni kwa mwenyekiti wenu kabla ya Ijumaa.