Usiimarishe kila kitu

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na poleni na shughuli. Rasimu ya katiba ya chama chenu imenifikia na nimeisoma yote. Mambo yaliyomo ni mazuri. Kinachonikera ni kitenzi kimoja tu, imarisha, ambacho kimejaa kila ibara. Mnaimarisha mfuko, mnaimarisha nidhamu, mnaimarisha vikundi viwe kitu kimoja. Msomee mtu kwa sauti uone kama hatasinzia kabla ya ibara ya tatu.

Imarisha imetokana na imara, kwa hiyo inataka kitu ambacho tayari kipo: afya, uchumi, ulinzi, ukuta. Mfuko usio na hata senti hauimarishwi. Kwanza unaanzishwa, kisha unatunishwa. Nidhamu nayo ingefaa ikazwe. Kaza ni neno la mkono: unakaza kamba, unakaza skrubu, unakaza mwendo, na kilichokazwa leo kesho chaweza kulegea. Ndiyo maana kinyume chake ni legeza, ilhali kinyume cha imarisha ni dhoofisha. Halafu kuna kazia. Msemaji hukazia neno analotaka lisikike, na mahakama hukazia hukumu, yaani huhakikisha aliyeshindwa anatekeleza alichoamriwa. Jaribu kuweka imarisha hapo, maana yote inapotea. Thibitisha, inayotokana na thabiti, ni jirani ya imarisha kwa asili, lakini siku hizi imehamia upande wa ushahidi: habari huthibitishwa, mfanyakazi huthibitishwa kazini. Mwambie fundi akuthibitishie ukuta uone atakavyokutazama.

Utamu wenyewe uko kwenye kuunga. Unaunga mfupa uliovunjika, unaunga kamba iliyokatika, unamuunga mtu mkono. Ungana ni wahusika wenyewe kuja pamoja. Kwenye unganisha pana mtu mwingine anayewaleta. Kwa hiyo "vikundi vitaungana" na "mwenyekiti ataunganisha vikundi" si habari moja hata kidogo. Kwenye mazungumzo ya kawaida hakuna atakayejali, ila kwenye katiba ndipo ugomvi utakapozukia: uamuzi ni wa nani? Nyie mmeandika vyote viwili, kimoja ibara ya 4, kingine ibara ya 9.

Tena, kilichounganishwa huacha kiungo. Tanganyika na Zanzibar zilipoungana tarehe 26 Aprili 1964, jina la kwanza lilikuwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, pande zote mbili zikitajwa waziwazi. Ukichanganya vitu ni habari nyingine. Hutajua tena kipi kilikuwa kipi. Kama vikundi vyenu vitabaki na majina yao na viongozi wao, basi vinaunganishwa, msiseme vinachanganywa.

Kuna pia ukoo wa shikamana na fungamana, ambao rasimu yenu haikuugusa kabisa, na ni hasara. Wanaoshikamana kila mmoja anamshika mwenzake, na anayetaka kuachia anaweza. Wanaofungamana wamefungwa pamoja: mmoja akivutwa, mwingine anakwenda naye, apende asipende. Nchi zilizokutana Belgrade, Yugoslavia, mwaka 1961 zimebaki kuitwa kwa Kiswahili nchi zisizofungamana na upande wowote, na aliyechagua neno hilo alikuwa na sikio. Nchi hizo hazikukataa urafiki na mtu, zilikataa kuburutwa na kambi ya Marekani au ya Kisovieti. Siku mkitaka kuandika kwamba fedha za vikundi "zitafungamana", jiulizeni kama kweli mnataka deni la kikundi kimoja liwe deni la wote. Mimi sidhani.

Jumuisha na jumlisha sitazisemea sana. Wanachama hujumuishwa, hesabu hujumlishwa, basi.

Rasimu nimeiambatisha na barua hii. Najua wewe ni mtu wa ambatanisha, na wengi wako upande wako, lakini mimi hiyo -an- ya kutendana naiona mzigo: karatasi ndiyo inayoifuata barua, barua haiifuati karatasi. Ukiwa na hoja ya kunipinga, nipo.

Masahihisho nimeyaandika pembeni kwa penseli. Ibara ya kumfuta mtu uanachama sijaigusa, maana kasoro yake si ya lugha. Kaeni kwanza mkubaliane nani ana mamlaka hayo, ndipo uniletee.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Rafiki yako