Chokaa Kabla ya Mbegu

Mhariri,

Msimu wa kupanda ukikaribia, wenye vishamba vya malisho, vinavyopandwa kuwavuta na kuwalisha kulungu wa porini, hukimbilia mfuko wa mbegu wenye picha ya dume la pembe kubwa. Kwenye ardhi mbovu, hiyo ni pesa ya kutupa. Udongo wenye pH (kipimo cha tindikali; namba ikishuka, tindikali imezidi) chini ya 5.5 huachia alumini inayodumaza mizizi, na fosforasi hujifunga mmea usiipate, hata umwage mbolea kiasi gani.

Pimeni udongo kwanza. Chota sehemu kumi hivi, kina cha sentimita 15, changanya kwenye ndoo ya plastiki, peleka maabara. Klova, mmea mdogo wa malisho wa jamii ya maharage, inataka pH 6 hadi 6.5. Pakiwa chini ya hapo, chokaa ya kilimo, inayopandisha pH, ichanganywe na udongo miezi mitatu hadi sita kabla ya kupanda. Ikiachwa juu, hushuka polepole mno.

Pa kuanzia ni nafaka ya rai, inayovumilia mchanga, ukame na tindikali kuliko ngano. Someni lebo: nyasi za rai ni kitu kingine, na zikishika huwa magugu. Kwa mita za mraba 1,000, kilo sita za rai na kilo moja ya klova nyeupe zinatosha. Rai ifukiwe sentimita mbili hadi nne. Klova imwagwe baadaye, juu ya udongo ulioshindiliwa, isizame zaidi ya nusu sentimita. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: mbegu zote huchanganywa, haro (chombo chenye meno cha kufukia mbegu) ikapita mara moja, klova ikazikwa, kisha lawama kwa muuzaji. Tena mbegu ya klova ipakwe bakteria wake yenyewe, wanaoisaidia kupata nitrojeni ya hewani. Wale wa kunde hawaifai.

Kunde nazo zinavumilia ukame vizuri, lakini kwenye kishamba kidogo kisicho na uzio wa umeme huliwa vikonyo kabla hazijatambaa.

Mwisho, simikeni kizimba cha waya wa matundu, upana wa mita moja, katikati ya shamba, kulungu wasifikie mimea iliyo ndani. Ndani kukistawi na nje kukawa kweupe, kulungu ni wengi kuliko chakula: ongezeni eneo au wekeni uzio. Kote kukidumaa, rudini kwenye pH, au mhesabu jua. Pasipopata angalau saa nne za jua kwa siku, msumeno wa kupunguza miti ya pembeni utasaidia kuliko mbolea.

Msomaji wako,
Mpanda Malisho