Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kete Zionekane na Zihesabike

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka kama katiba yetu inavyotaka. Hesabu za fedha atazisoma mhazini, na ratiba ya mashindano yajayo katibu amekwisha kuibandika, kwa hiyo sitayagusa hayo. Nafasi yangu yote nitaitumia kwa jambo moja lililoiletea kamati barua nyingi kuliko mengine yote, nalo ni haki ya mchezaji wa poka kujua mpinzani wake ana kete kiasi gani, na wajibu wa mpinzani huyo kuzionyesha. (Vile visahani vya kuwekea dau ninaviita kete kwa sababu chipsi, kwa wengi wetu, ni za kuliwa na mayai.)

Wanaotoka kwenye bao hushangaa kwamba jambo hili lina ubishi. Katika bao la kiswahili kete ni 64, na hata zile 22 ambazo kila mchezaji huanza nazo mkononi hazina siri, kwa kuwa idadi yake inajulikana na wote. Poka haiko hivyo. Rundo la mtu hupanda na kushuka kila mkono, yaani kila karata zinapogawiwa upya, na ukubwa wake ndio unaoamua kama dau lake ni la kutisha au ni la mtu anayejaribu bahati yake ya mwisho. Anayelificha rundo lake anaficha kitu ambacho, tofauti na karata zake mbili, hana haki ya kukificha.

Mashindano yetu yanafuata kanuni za jumuiya ya wasimamizi wa mashindano ya poka iliyoanzishwa Marekani mwaka 2001, ambazo zinataka kete zipangwe kwa namna inayohesabika, na zinapendekeza minara ya kete ishirini ishirini. Kete zenye thamani kubwa lazima zionekane wakati wote. Kanuni hizo hizo zinaweka pia mpaka wa kuuliza, na hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. Mchezaji ana haki ya kukadiria kwa macho muda wowote, lakini hesabu kamili ni haki ya yule tu anayekabiliwa na dau la mtu aliyeweka kete zake zote. Aliyeweka zote halazimiki kuhesabu wala kufungua kinywa. Asipotaka, mgawa karata au msimamizi atahesabu. Kwa hiyo anayeuliza “Una ngapi?” kila mkono hatendi kosa, ila ajue kwamba jibu ni hisani, na kwamba akinyamaziwa hana pa kulalamikia.

Nije kwenye mkasa ambao wengi mliushuhudia. Mwanachama mmoja aliweka zote. Mwenzake aliomba hesabu, mgawa karata akazipitia safu za mbele na kutangaza elfu kumi na nane, na mwenzake, aliyekuwa na elfu thelathini na moja, akasema anafuata, yaani analipa dau hilo ili karata zishindanishwe. Aliposhindwa, kete zilisukumwa katikati, na nyuma ya minara miwili ya kete za mia mia zikatokea kete mbili za elfu tano, zimelazwa chini. Aliyeamini kuwa atabakiwa na elfu kumi na tatu akabakiwa na elfu tatu, na mikono miwili baadaye alikuwa nje.

Msimamizi aliamua kwamba anayefuata dau hubeba kiasi halisi, hata kama aliyemtajia hesabu amekosea. Kanuni hiyo ipo, na ina maana yake: poka inamtaka mchezaji atazame mwenyewe, na lau kila kosa la mgawa karata lingefuta mkono, mashindano yasingekwisha. Hata hivyo, kwa maoni yangu na ya wajumbe walio wengi, haikuwa peke yake ya kushikwa siku ile. Ipo nyingine inayohusu kete zilizojificha ambazo zinagunduliwa baada ya dau kufuatwa. Hiyo inamtaka msimamizi kwanza aamue kama kete hizo zilikuwa sehemu ya dau lililokubaliwa. Akiona hazikuwa, aliyezificha akishinda halipwi kwa ajili yake, na akishindwa hazimwokoi. Mtu hawezi kukubali kitu ambacho hakuna jicho lililoweza kukiona. Matokeo hatukuyabadilisha, kwa kuwa shindano lilikuwa limefungwa na zawadi zimetolewa, lakini wasimamizi wetu wameelekezwa kwa maandishi.

Katika utetezi wake, mwanachama mwenye kete zile alimtaja Jack Straus, ambaye mwaka 1982 huko Las Vegas inasimuliwa kwamba alidhani amekwisha, akakuta kete moja ya 500 chini ya kitambaa cha karatasi, akaruhusiwa kuendelea na hatimaye akatwaa ubingwa wa dunia. Kisa ni kitamu, nami nimekisimulia mara nyingi kuliko inavyostahili. Lakini Straus aliachwa aendelee kwa sababu hakuwa ametamka kwamba anaweka zote. Mwanachama wetu alitamka, tena kwa sauti.

Haki inanitaka niseme kwamba onyo la kwanza la mwaka huu kuhusu kete zisizoonekana nilipewa mimi. Nina tabia ya kuizungushia minara yangu mikono yote miwili, na mchezaji wa upande wa pili alipomwomba mgawa karata aniambie niondoe mikono hiyo, nilinung’unika. Limeandikwa katika daftari.

Lipo pia suala la lugha. Tunapohesabu kwa Kiswahili tuna mazoea ya kuacha kipimo, tukasema “mbili na nusu” na kumwachia msikilizaji aamue kama ni elfu au laki. Kuanzia sasa mgawa karata atazitandaza kete, atataja thamani ya kila mnara, kisha jumla pamoja na kipimo chake. Asiyecheza mkono huo hatamsaidia kuhesabu, hata kwa kunong’ona, maana mkono ni wa mchezaji mmoja.

Kwa mchezo wa pesa taslimu sina mengi: kete haitoki mezani kwenda mfukoni mpaka mwenyewe anapoondoka. Katika mashindano, anayezitoa kete machoni pa watu hunyang’anywa kete hizo na anaweza kuondolewa kabisa.

Kamati inawaombeni mpigie kura mapendekezo mawili. La kwanza ni kwamba mgawa karata asigawe mkono mpya mpaka kete kubwa za kila mchezaji ziwe mbele au juu ya minara. La pili ni kwamba kosa la tatu la kuficha kete katika siku moja limgharimu mchezaji mzunguko mzima nje ya meza. Karatasi za kura anazo katibu mlangoni.

Mwenyekiti